Asiransi ya Yote

Mbuzi wa nne alikufa ndani ya biro ya Jovial, bila kisu, bila damu, na bila mtu kuonja hata supu yake. Mama Philomène alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa kwa kamba, pochi yake ameifungia kiunoni ndani ya kitenge, akaona kila kitu.

Biro yenyewe, ofisi ya kukodisha magari, ilikuwa kontena la bati lililopakwa rangi ya bluu, kandokando ya barabara ya Lukuga mjini Kalemie. Nje palikuwa na jeep moja nyeupe, na Jovial aliposema "magari yetu" ungedhani mengine yamekwenda ziwani kuoga. Alikuwa kijana wa shati la kupigwa pasi, kalamu tatu mfukoni, na hakuna mtu aliyewahi kuiona hata moja ikiandika. Ya kuandikia aliazima kwa wateja. Tangu waingie alikuwa amemwita Papa Hubert, mume wa Mama Philomène, "patron", yaani bosi, mara nyingi, mpaka mzee akaanza kukaa kama patron: mguu juu ya mguu, kidevu juu, macho yakiangalia dari la bati kama mtu anayefikiria kulinunua.

"Patron, asiransi ya kawaida iko ndani ya bei," Jovial alisema. "Lakini ile inamulipa muntu mwenye utamugonga. Ukimugonga mama na beseni yake ya ndagala, mama analipwa na ndagala zinalipwa. Jeep yenyewe, hapana. Jeep ikiumia, garanti yako njo inaumia."

Garanti, yaani dhamana ya gari, ilikuwa dola mia tatu, nayo ilikuwa tayari imelala mezani chini ya kiganja cha Jovial. Haikuwa pesa ya Papa Hubert. Ilikuwa pesa ya likelemba, ule mchango wa wanawake wauza ndagala, dagaa wa ziwani, ambao kila wiki humpa mmoja wao chungu kizima. Mama Philomène aliiazima kwa kuapa mbele ya wenzake kwamba Jumatatu itarudi, noti kwa noti.

"Na ya kuongeza iko?" Papa Hubert aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka kifuani, ile sauti ya biro. Pale gare, stesheni ya treni, alikuwa chef, mkuu wa biro yenye meza mbili, na meza ya pili ilikuwa ya kuwekea sufuria ya chai.

"Iko, patron. Sisi tunaiita asiransi ya yote. Ajali, moto, kuibiwa, bioo, taa. Wakubwa wote wanachukua ile. Unalala kwa bakwe kama mutoto kwenye mugongo wa mama yake."

"Bei?"

"Dola makumi tano tu, siku zote mbili."

Ndani ya pochi ya Mama Philomène mlikuwa na dola hamsini, na dola hizo zilikuwa na jina. Jina lao lilikuwa mbuzi. Chérubin, kifungua mimba wake, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa anamwoa Elsa, binti wa Mpala. Kanisani matangazo yalikuwa yamesomwa mara mbili, na padri alisema ya tatu hayasomi mpaka mjomba wa binti atume neno kwamba amepokea mahari na ameridhika. Na mjomba huyo, Apollinaire, maana kwa Watabwa baba wa mtoto hukaa kimya na mjomba njo mwenye mdomo, aliomba suti, vitenge, blanketi mbili, gunia la chumvi na mbuzi wanne. Watatu walikuwa nyumbani wanamaliza matembele ya jirani. Wa nne alikuwa kiunoni mwa Mama Philomène.

"Papa Chérubin," alisema polepole, bila kumwangalia Jovial, "ile dola makumi tano njo mbuzi."

"Najua."

"Mbuzi inaliwa. Asiransi haina mafuta wala mufupa."

Jovial alicheka kwa adabu. "Mama, bibi wengi wanasema vile. Kisha njiani tairi inapasuka, jeep inapinduka, garanti inakwenda na machozi. Asiransi ni kama mwavuli: unabeba siku ya jua."

Asiransi watu wa Kigoma huiita bima, na Mama Philomène aliwahi kumsikia mfanyabiashara mmoja wa huko akisema bima ni kumlipa mtu akutazame ukianguka. Hakusema hilo. Alisema, "Tuende na boti. Batu bote bako na akili banaenda Mpala na boti. Hata mbuzi yenyewe inapenda boti."

Papa Hubert alimgeukia kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. "Nifike kwa bakwe suruali imekunjwa magotini, viatu mukononi, kama muchuuzi wa nyanya? Miye? Bamuone baba ya Chérubin anatoka mumaji?" Kisha kwa Jovial: "Lete karatasi. Ya yote. Na shofere sitaki. Ndugu yangu Willy anajua kuendesha."

"Shofere wetu ni muzuri, patron, na bei yake…"

"Iko na mudomo," Papa Hubert alikata. "Shofere wote wako na mudomo."

Hapo Mama Philomène alielewa. Mumewe hakuwa anakodi jeep. Alikuwa anakodi uongo, na uongo huo hakutaka uwe na shahidi. Alifungua kitenge, akatoa pochi, akaziweka zile noti mezani moja moja, akizinyoosha pembe kama mtu anayemfunga macho marehemu.

Jovial alisoma masharti kwa haraka, kama katekista anayetaka kuwahi chakula: mafuta ni yenu, kurudi ni kesho Jumapili kabla ya jua kuzama, wanyama ndani ya gari ni marufuku.

"Na juu ya paa?" Papa Hubert aliuliza.

Jovial alifikiri. "Juu ya paa karatasi haisemi kitu."

*

Kwenye mlango wa jeep palikuwa na maandishi ya kijani: LOCATION JOVIAL, yaani magari ya kukodi ya Jovial, na namba ya simu chini yake. Papa Hubert aliyafunika kwa kitenge chekundu kilichovutwa vizuri na kubanwa na mlango, juu yake akafunga riboni nyeupe kama za harusi. Jirani mmoja alipouliza mbona amefunga upande huo tu, alijibu kwamba njo mtindo wa sasa.

Mbuzi watatu walipandishwa juu ya paa, wakafungwa miguu kwenye vyuma vya mizigo. Ndani walikaa Willy kwenye usukani, Papa Hubert mbele amevaa suti na miwani ya jua, nyuma Mama Philomène na Chérubin wakibanwa na gunia la chumvi. Willy alikuwa mtu mwema, lakini kuendesha alijifunza Lubumbashi kwenye lami, na barabara ya kusini haijui lami ni kitu gani. Kila shimo alilisalimia. Kila walipopanda kilima mbuzi walikojoa, na kila waliposhuka mikojo ikateremka mbele ya kioo, na Willy akawasha zile fimbo za kufutia mvua, jua likiwa linawaka.

"Asiransi iko," Papa Hubert alisema kila gari liliporuka. "Usiogope, Willy. Iko ya yote."

Willy aliposikia hivyo akaacha kabisa kuogopa, jambo lililomfanya Mama Philomène ashike rozari.

Chérubin alikuwa ameshika mfuko wenye suti ya mjomba mapajani kama anayebeba yai. Walipokaribia Mpala, mnara wa kanisa la zamani ukaonekana juu ya ziwa, aliinama kwa mama yake. "Mama, na mbuzi ya ine?"

"Muulize baba yako. Ameifungia mumufuko wa koti."

Papa Hubert alijipapasa kifuani, karatasi ikalia kakaka. "Mbuzi moja," alisema bila kugeuka. "Muntu anakuja na jeep, nani ataangalia mbuzi moja?"

*

Walipokelewa vizuri, hilo lazima lisemwe. Wanawake walipiga vigelegele, wasichana waliizunguka jeep wakiimba, vumbi likipanda mpaka kwenye majani ya migomba. Elsa alichungulia mlangoni mwa nyumba ya shangazi yake, akamwona Chérubin anashuka na chumvi begani, akacheka, akafunga mlango.

Mjomba Apollinaire alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa ya kuvuta nyavu na macho madogo yasiyo na haraka. Alizunguka jeep mara moja, mikono mgongoni. Alipofika nyuma alisimama kidogo, akaangalia chuma cha nyuma kilichokunjika pembeni, akakipapasa kwa kidole gumba. Akatabasamu.

"Gari muzuri, mukwe."

"Gari yangu ile," Papa Hubert alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Ilitoka Dar es Salaam, ikapita Kigoma, ikavuka na boti mukubwa. Nilisumbuka kidogo na batu ba ushuru kule duwani, lakini unajua, muntu ya biro anajua njia."

"Eh! Na riboni?"

"Njo mutindo ya sasa."

"Mutindo," Apollinaire alirudia, kama anayeonja neno kama limeiva.

Mkeka ulitandikwa. Vitu vikatoka kimoja kimoja, na shangazi wa Elsa akavitaja kwa sauti ili kijiji kizima kisikie: suti, alipima mikono yake na kusema ni mirefu kidogo lakini mjomba ataikulia, vitenge, alivinusa, blanketi, aliweka shavu, chumvi, alilamba. Watu wakacheka na kupiga makofi. Kisha mbuzi wakashushwa kutoka juu ya paa, miguu imekufa ganzi, wakasimama wakiyumba kama walevi.

"Moja. Mbili. Tatu," shangazi alihesabu. Akaenda mpaka kwenye jeep, akapanda kwenye tairi, akachungulia juu. "Ya ine imelala?"

Kicheko kikapita. Mama Philomène aliangalia kucha zake.

Papa Hubert alisimama. Angesema tu, tumepungukiwa, mutuvumilie, kama wanavyosema watu kila siku tangu mahari ianze, kungekuwa na kelele kidogo, tarehe ingepangwa, na mambo yangekwisha kwa bugali. Lakini alikuwa bado amevaa miwani ya jua.

"Wakwe zangu," alisema, "tusipoteze saa juu ya mbuzi moja. Mbuzi moja ni nini kwa muntu mwenye jeep? Ile itakuja. Wiki hii, wiki ingine, itakuja."

Apollinaire alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyefurahi kupata jibu alilokuwa analitafuta.

"Umesema vizuri, mukwe. Kwako mbuzi moja si kitu. Kwetu hapa ni kitu. Na desturi yetu unaijua: muntu akipungukiwa anaacha kintu, siku analeta anachukua kintu yake. Mwingine anaacha baisikeli. Mwingine redio." Alinyoosha kiganja chake kikubwa. "Weye uko na jeep. Lete funguo."

Willy, ambaye hakuna mtu aliyemwambia awe mjinga siku hiyo, alikuwa karibu, na funguo zilikuwa kidoleni mwake zinazunguka. Apollinaire alizichukua kama anavyochukua mtu embe sokoni. Kisha akaita watu waje kula.

*

Network ya simu pale Mpala ilipatikana mlimani nyuma ya kanisa tu. Papa Hubert alipanda huko kwa viatu vyake vya ncha kali, mkewe nyuma yake, si kwa kumsaidia bali kwa sababu alitaka kusikia. Mzee alikuwa amevua miwani. Bila miwani macho yake yalikuwa ya mtu wa kawaida kabisa. Alibipu mara tatu mpaka Jovial akapiga mwenyewe.

"Jovial? Miye, patron… Hapana, jeep haina kitu. Jeep iko nzima. Ila iko… imebaki. Bakwe bameishika." Alisikiliza. "Mpaka mbuzi ifike." Alisikiliza tena, na Mama Philomène akasikia kicheko kwenye simu, kicheko kirefu kisicho na adabu tena. "Sikiliza, Jovial, nililipa asiransi ya yote. Yote ni yote!"

Sauti ya Jovial ilisikika wazi, maana alikuwa anapaza kama anayeongea na mtu wa ng'ambo. "Patron, karatasi inasema kuibiwa! Kushikwa na bakwe haimo! Kama jeep imeibiwa, uende kwa polisi, utaje mwizi jina lake, bakuandikie, asiransi inalipa. Kama haukuibiwa, kesho jioni nataka gari yangu. Kila siku ikichelewa nakata kwenye garanti. Uniti zangu zinaisha, patron." Zikaisha.

Ziwa lilikuwa chini yao, kubwa na lisilojali, boti moja ikienda kaskazini kuelekea Kalemie, imejaa watu waliokunja suruali. Papa Hubert aliitazama muda mrefu.

"Mama Chérubin," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "ukiangalia vizuri… muntu akichukua kintu ya mwenzake bila ruhusa… ile si kuiba?"

Alidhani mkewe atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye jiwe, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga.

"Unataka kwenda kwa polisi, umuandikishe mujomba ya mukamwana wako mwizi."

"Kwa karatasi tu. Hatajua."

"Polisi banakuja kumukamata kwa karatasi? Kisha siku ya harusi tunamualika, anakuja na pingu anakata keki?" Alivaa kiatu. "Weye muambie tu: jeep si yangu, nimeikodi. Atacheka, atarudisha funguo."

"Siwezi."

"Ni maneno matatu."

"Philomène, siwezi!" Na ilikuwa kweli. Alisimama pale na suti yake, mikono imelegea, jasho likishuka kwenye kola, na mkewe akaona kwamba mtu huyu angeweza kupoteza pesa ya likelemba, angeweza kumpoteza Elsa, angeweza hata kuwafunga ndugu wa watu, lakini kusema yale maneno matatu hakuweza, kama vile mtu asivyoweza kujitoa jino mwenyewe. Alimhurumia kidogo. Kisha akakumbuka wanawake wa likelemba, wenye mikono iliyopasuka kwa chumvi, na huruma ikapita kama mvua ya kiangazi.

"Basi kaa hapa na network yako," alisema.

*

Desturi inamkataza mama wa bwana harusi kumkazia macho mjomba wa binti; njo heshima ya buko, yaani ya ukwe. Kwa hiyo Mama Philomène alikaa chini kwenye mkeka, mgongo nusu umemwelekea Apollinaire, akauambia ukuta wa nyumba.

"Papa Apollinaire, ile jeep si yetu. Tumeikodi kwa kijana mumoja wa Lukuga. Kesho jioni inatakiwa irudi. Na mbuzi ya ine tulikuwa nayo, tukailipa asiransi."

Nyuma yake alisikia mtu anavuta pumzi puani. Kisha shangazi wa Elsa, aliyekuwa anasonga bugali pale kando, akaachia mwiko, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Mama," Apollinaire alisema, sauti yake ikitetemeka kwa kicheko anachokizuia, "ile jeep mwaka huu imekwisha kuoa hapa Mpala mara tatu."

Mama Philomène alisahau buko, akageuka.

"Mara tatu! Mara ya kwanza ilioa kwa jirani yetu ule wa pale chini. Muzee yao alisema ilitoka Dubai. Ikarudi nyuma, ikagonga nguzo ya jiko, chuma ikakunjika, uliiona? Mara ya pili ilitoka Zambia, ilikuwa imefunikwa na bendera. Sasa inatoka Dar es Salaam na riboni. Ile gari imetembea kuliko maaskofu." Alijifuta macho. "Miye nilijua ikiwa bado kule mulimani. Inakohoa."

"Sasa mulichukua funguo juu ya nini?"

"Juu alisema mbuzi yangu si kitu." Hapo hakucheka. "Mbuzi ile ningemupa dada yangu, mama ya Elsa, yeye njo alimulea mutoto peke yake kwa kuanika ndagala. Muntu anakuja na uongo ya magurudumu ine anasema mbuzi ya dada yangu si kitu. Nikasema, acha uongo ilale hapa, tuone kama inajua kuamka."

Alitia mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka kwenye mkeka, mbali kidogo ya mkono wa Mama Philomène, kama inavyotakiwa. Chérubin, aliyekuwa mlangoni tangu mwanzo, alishusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Kalemie.

"Neno kwa padri nitatuma," Apollinaire alisema. "Mutoto aolewe. Mwenye amesema kweli anatosha kumupokea. Lakini desturi ni desturi, mama. Kintu lazima kibaki mpaka mbuzi ifike."

"Tuache nini? Hatuna redio."

Apollinaire aliangalia juu mlimani. Papa Hubert alikuwa bado amesimama kule nyuma ya kanisa, mdogo kama mjusi, amenyoosha simu mbinguni.

"Muache ule."

Mama Philomène alifuata macho yake. Alifikiri, lakini si kwa muda mrefu.

"Anakula mingi," alisema kwa uaminifu.

"Atafanya kazi. Ni muntu ya biro, atatulindia ndagala kwenye muchanga. Kunguru wa hapa banaogopa suti."

*

Jumapili baada ya misa jeep iliondoka Mpala bila riboni. Papa Hubert alikuwa kwenye mchanga wa pwani, amevua koti na kulitundika kwenye kasia lililosimikwa, fimbo mkononi, mbele yake ndagala zimeanikwa kama zulia la fedha. Alikuwa amepiga kelele asubuhi nzima. Alisema yeye ni chef. Alisema ataandika kwa gavana. Mwishowe shangazi wa Elsa alimwambia, "Papa, unapiga kelele vizuri, elekeza kwa kunguru," na watoto wakacheka, na yeye akagundua kwamba kunguru kweli walikuwa wameruka.

Elsa alikuja mpaka kwenye dirisha la jeep. "Mama, usihofu. Nitamupelekea bugali miye mwenyewe."

"Asante, mwanangu. Usimuwekee samaki mukubwa. Atazoea."

Mama Philomène alikaa mbele. Chérubin aliendesha kidogo, Willy kidogo, na bila mbuzi juu ya paa wala patron ndani, gari lilikwenda polepole na kwa akili. Jua lilikuwa bado juu ya vilima walipofika Lukuga.

Jovial aliizunguka jeep akiguna. Taa zipo. Vioo vipo. Tairi la akiba lipo. Kile chuma cha nyuma alikipita haraka haraka, na Mama Philomène akamwona anavyokipita. Kisha akasimama mbele, akakwaruza boneti kwa ukucha.

"Mama, nini hii?"

"Mikojo ya mbuzi."

"Imekula rangi! Ile nakata kwenye garanti. Dola makumi mbili."

"Tulilipa asiransi ya yote."

"Wanyama hawamo, mama."

"Bakwe hawamo. Wanyama hawamo." Mama Philomène alikunja mikono juu ya kitenge. "Sasa niambie, mwanangu, miye sikusoma sana: ile asiransi inalipa nini?"

Jovial alitafuta jibu kwenye kalamu zake. "Inalipa… utulivu ya roho, mama. Patron alilala vizuri, hapana?" Akatazama ndani ya gari. "Patron mwenyewe iko wapi?"

"Tumemuacha garanti."

Kijana alihesabu noti, akarudisha. Zile ishirini alibaki nazo.

*

Jumatatu asubuhi wanawake wa likelemba walipata pesa yao, noti kwa noti. Namna ilivyopatikana ilikuwa hivi: sebuleni kwa Papa Hubert kulikuwa na fotei moja kubwa ya mito ya hudhurungi, ambayo hakuna mtoto wala mgeni aliyeruhusiwa kuikalia, mwenye nyumba aliikalia jioni kusikiliza habari za dunia na kuamrisha maji ya kunywa. Kabla jua halijapanda sawasawa fotei ilikuwa juu ya mkokoteni wa kijana mmoja inashuka kwenda mtaa wa Kataki kwa mtu mwingine. Ililipa rangi ya jeep, na ilipokwisha kulipa rangi, ikabaki mbuzi.

Mbuzi mwenyewe alikuwa dume la madoa, mkaidi, mwenye ndevu, na alipovutwa kamba alisimama kwanza akaangalia pande zote kama anayetaka kujua nani anamuona. Mama Philomène alimpenda hapo hapo. Alikuwa anamkumbusha mtu.

Pwani, mwenye boti alikuwa tayari anasukuma. "Mama, ya Mpala inaondoka sasa! Ingia na mbuzi yako, nafasi iko!"

"Na ingine?"

"Ingine mpaka Alhamisi."

Mama Philomène aliangalia ziwa. Lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Aliangalia watu ndani ya boti, suruali zimekunjwa, viatu mkononi, wakizungumza na kucheka. Kisha akamshika mbuzi mgongoni, akampapasa mbavu, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayejua kununua.

"Alhamisi," alisema. "Huyu bado mwembamba. Acha ale kidogo."